Pumzi ya Sekunde Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, treni ya juu ikiwa bado inapita tupu juu ya Mtaa wa Sitini na Tatu, Verdell Suggs alikuwa amekwisha kusimama ndani ya wingu. Wingu lenyewe lilikuwa mvuke wa mashine ya kupigia pasi suruali, kwenye duka la dobi, na lilimfunika tangu kiunoni hadi nywele. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma aliona kwanza viatu vyake, akasikia mluzi wake, ndipo akamwona mwenyewe.

Alikanyaga pedali: du. Mvuke ukatoka: tsss. Akainua mguu, mashine ikanyonya hewa: fyuu. Kisha kimya kidogo, akiigeuza suruali. Du, tsss, fyuu, kimya. Nne. Halafu nne nyingine. Miaka saba alikuwa akihesabu nne hizo, mpaka zikamwingia mwilini. Alipanda ngazi kwa nne, alitafuna kwa nne, na usingizini mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga kitu kisichokuwepo.

"Verdell," Dada Claudine alimwita kutoka meza ya kukunjia mashati, "hiyo suruali ya mtu unaipiga pasi au unaiposa?"

"Naipigia ngoma, dada."

"Basi harusi ikifika unialike. Ila angalia mguu wa kushoto, umeutia mikunjo miwili. Mwenyewe atatembea kama reli."

Verdell alicheka, akaufungua mguu wa kushoto, akaanza upya. Mawazo yake hayakuwa pale. Yalikuwa nyumbani, juu ya meza ya jikoni, kwenye kopo la biskuti ambalo ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake.

Huo ulikuwa mwaka 1983, upande wa kusini wa Chicago, na Verdell alikuwa na miaka ishirini na saba. Mrefu, mwembamba, mwenye mabega yasiyotulia. Ni mabega hayo yaliyomponza. Alipokuwa kijana wa kwaya, akipiga tari mstari wa mbele, mchungaji alimwita mama yake pembeni akamwambia kwamba mwanawe anayachezesha mabega kupita kiasi, na kwamba watu wanasema. Hakueleza wanasema nini. Hakukuwa na haja. Jumapili iliyofuata tari ilipewa mtu mwingine, na hakuna aliyesimama kuuliza kosa la kijana ni nini. Kanisa zima lililojua kulia machozi kwa ajili ya wana wa Israeli lilishindwa kufungua mdomo kwa ajili ya mtoto mmoja lililomlea lenyewe.

Mama yake, Lurline Suggs, alikuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa hilo. Nguo nyeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe. Wahudumu wa mlangoni hawasemi ibada ikiendelea. Wanasema kwa mikono. Mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia ukiinuliwa, kiganja mbele: subiri, watu wanasali, hapiti mtu. Mkono ukishuka na kugeukia ndani: pita, mahali pako papo. Lurline aliisema lugha hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, miaka thelathini na mmoja.

Pasaka iliyofuata baada ya kunyang'anywa tari, Verdell alirudi. Alichelewa. Alifika mlangoni maombi yakiwa yameanza, na mama yake akainua glavu. Pengine ilikuwa kwa ajili ya maombi tu. Pengine ndiyo maana yote iliyokuwepo. Lakini yeye alikiona kile kiganja cheupe mbele ya uso wake, akageuka, akashuka ngazi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Waliishi nyumba moja, wakala sahani za chakula kimoja, na jambo hilo hawakuligusa kamwe. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki kati yao bila kusemwa: kila Jumamosi alasiri Lurline aliacha glavu zake, zimefuliwa na kufungwa pamoja, juu ya ubao wa pasi. Verdell alizipiga pasi kidole kwa kidole. Kisha akaondoka, na mama yake hakumwuliza anakwenda wapi.

Alikuwa akienda Magodoroni.

Hapo awali palikuwa kiwanda cha magodoro, ng'ambo ya mto, ghorofa tatu za matofali meusi, madirisha yamepakwa rangi nyeusi. Hapakuuzwa pombe. Palikuwa na maji ya barafu kwenye mapipa, machungwa yaliyokatwa na juisi ya bure, na sakafu ya mbao iliyonyunyizwa poda ya watoto ili miguu iteleze. Watu waliingia Jumamosi usiku na kutoka Jumapili adhuhuri. Wengi wao walikuwa wanaume weusi wanaopenda wanaume, na dada zao, na marafiki zao, na Walatino kadhaa wa upande wa magharibi. Hao ndio waliokuwa wakisimamishwa kwenye milango ya kumbi za dansi za katikati ya mji na kuombwa vitambulisho vitatu, wakati mzungu aliye nyuma yao anapita akipiga miayo. Ndio ambao miaka minne kabla walisikia redioni uwanja mzima wa mpira ukishangilia masanduku ya santuri zao za disko yakilipuliwa kwa baruti kati ya mchezo mmoja na mwingine. Ilisemwa kuwa ni mzaha, ni muziki tu. Lakini ukiona watu elfu hamsini wanafurahia kuteketea kwa kile unachokipenda, huhitaji mtu wa kukufafanulia mzaha.

Basi wakajifungia Magodoroni, wakaanza upya na mabaki. Santuri kuukuu, nyimbo za roho, ala za mashine kutoka Ulaya, na chini yake mdundo mmoja mnene ulionyooka kama reli: du, du, du, du. Haukuwa na jina bado. Leo dunia nzima inauita haus na kuucheza harusini. Wakati ule watu walisema tu, "Zile za pale."

Dijei wa pale alikuwa Ozell, mtu mnene mpole mwenye miwani mizito, aliyeaga shule ya ufundi umeme akiwa amebakiza muhula mmoja. Na Verdell ndiye aliyekuwa fundi wake wa wembe.

Santuri za dukani zilikuwa na maisha mafupi. Dakika tatu na nusu, wimbo umekwisha, na mtu ndiyo kwanza amevua koti. Kwa hiyo Verdell alinunua mashine ya kanda ya mtumba, ile yenye magurudumu mawili makubwa, akaiweka jikoni. Alizungusha magurudumu kwa mikono, mbele na nyuma, sauti ikinguruma kama mtu anayeota, mpaka aguse mwanzo kabisa wa mdundo. Hapo alitia alama kwa penseli nyeupe, akakata kwa wembe, akaunga kwa utepe wa gundi. Kipande kitamu alikirekodi mara nane, akaviunga vyote nane, na wimbo wa dakika tatu ukatoka una dakika kumi na mbili. Alifanya kazi hiyo alasiri, baada ya zamu ya dobi, mama yake akiwa kazini. Vipande vya kanda vilining'inia dirishani kwenye vining'inizio vya nguo, vimebanwa kwa vibanio, na jua lilipovipitia vilitupa vivuli vya kahawia ukutani kama nyasi chini ya maji.

Alikuwa na sheria moja. Popote wimbo unapopumua, kata. Mahali palipo wazi ndipo mchezaji anapokumbuka kwamba miguu inauma, kwamba kodi ya nyumba inakaribia, kwamba nje kuna polisi. Usimpe nafasi ya kukumbuka. Unga mdundo na mdundo, usiache hata upenyo wa kucha. Kwa sheria hiyo Ozell alikuwa ameweka watu hewani kwa saa kumi na mbili mfululizo.

Sasa, kuhusu sauti ya mama yake.

Lurline hakuwa mwimbaji wa kwaya. Lakini Pasaka moja, miaka sita nyuma, kinanda cha kanisa kiligoma katikati ya ibada, kukawa na ile hali ya aibu watu wakikohoa na kutazamana. Ndipo kutoka mlangoni, pale pale aliposimama, mhudumu akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa zamani wa kwao Mississippi, maneno machache tu: *Nimegonga, nimegonga, nimegonga mlango wako.* Halafu alinyamaza. Alivuta pumzi ndefu, kanisa zima likimngoja, na ndipo akaachia neno la mwisho: *nifungulie.* Wanaume waliojulikana kwa ukali walionekana wakitafuta leso. Shemasi mmoja aliyekuwa akirekodi ibada alimpa kanda hiyo zawadi.

Mwaka uliofuata alipasuliwa tezi ya shingo. Alipona, ila sauti haikurudi. Tangu hapo alizungumza kwa mnong'ono, kama kitambaa kinaposuguliwa na kitambaa. Ile kanda akaitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati, na hakuisikiliza hata mara moja.

Ijumaa moja ya mwezi Mei Verdell alimwomba.

"Mama, niazime ile kanda yako."

"Ya nini?"

"Nataka watu waisikie."

"Watu gani?"

Verdell alitazama mikono yake, iliyokuwa na makovu madogo ya mvuke. "Watu wangu," akasema.

Lurline alikoroga sufuria ya sukuma wiki kwa muda mrefu kuliko sukuma wiki inavyohitaji. Kisha akavuta kiti, akapanda, akalishusha kopo.

"Usiiharibu, mwanangu," alinong'ona. "Sina nyingine. Hata mimi mwenyewe sauti hiyo sina tena."

Kila ashikaye wembe anajua kwamba kanda ya asili haikatwi. Unainakili kwanza, unakata nakala. Lakini kunakili kunahitaji mashine mbili, na Ozell alikuwa ameahidi kuleta yake Jumatano. Jumatatu Verdell aliketi jikoni, akaivisha kanda kwenye magurudumu, "asikilize tu." Alasiri ilikuwa ya joto, pazia linaingia na kutoka dirishani kama mtu aliyelala, harufu ya mkate wa mahindi wa jana bado ipo. Akaisikia sauti ya mama yake ikiwa nzima. Ilijaa jikoni, ikapanda juu ya sahani. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga. Moja, mbili, tatu, nne. *Nimegonga.* Moja, mbili. Sauti ilichelewa. Moja, mbili, tatu. Sauti iliwahi. Lurline hakuimba kwa hesabu ya mtu. Aliimba kanisa likimfuata.

Na Verdell, aliyekuwa kama anaota macho wazi, akachukua penseli nyeupe.

Alikata hapa kidogo, pale kidogo, na kila *nimegonga* ikaangukia pale mguu unapoangukia. Kisha akafika kwenye ile nafasi ndefu kabla ya neno la mwisho. Nafasi tupu. Akaipima kwa rula: inchi kumi na tano, sekunde mbili kamili. Mkono wake, uliokuwa umezikata nafasi kama hizo mara elfu, haukungoja kuulizwa. Kipande akakining'iniza dirishani pamoja na vingine. Akaunga *mlango wako* na *nifungulie* bega kwa bega, akaisikiliza, akapiga makofi peke yake. Treni ya juu ikapita, nyumba ikatikisika, vining'inizio vikagongana. Hakuangalia nyuma.

Kesho yake jioni alimkalisha mama yake kwenye kiti, akabonyeza kitufe, akaiwasha na mashine ndogo ya ngoma aliyoazimwa na Ozell. Du, du, du, du. *Nimegonga, nimegonga.* Alimtazama usoni akingoja tabasamu.

Lurline alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Mama!"

"Siyo mimi. Mimi ninapumua." Akaweka kidole shingoni, juu ya kovu. "Huyo mwanamke anagonga, hajangoja hata aone kama kuna mtu ndani, amekwisha kusema afunguliwe. Anakimbizwa na nani?"

"Nimeiweka kwenye hesabu tu, ili watu wacheze…"

"Pumzi yangu iko wapi, Verdell?"

Aligeukia dirishani. Vining'inizio vilikuwepo. Vipande vidogo vilikuwepo, kimoja, viwili, vinne. Kibanio cha tano kilikuwa kimeuma hewa.

"Uliikata hii hii," Lurline alinong'ona. "Ile ile ya shemasi."

Verdell alikigusa kibanio kitupu. Lurline akainuka, akashika mgongo wa kiti. "Siku ile niliimba kwa sababu ya hiyo pumzi. Hayo maneno kila mtu anayo. Irudishe. Ukiirudisha, kaicheze popote unapotaka, hata kwenye paa la jumba la meya. Usipoirudisha, huyo mwanamke mzime. Sitaki watu wamsikie wakadhani ni mimi."

Akaenda chumbani kwake, na mlango aliufunga taratibu, jambo lililouma zaidi.

Jumatano Verdell alimwaga pipa la taka uwanjani, akalipekua ganda kwa ganda. Alhamisi alilisogeza jiko, akapata sarafu za kuchezea za utoto wake na senti kumi halisi, na panya mmoja mkavu. Alitazama chini ya jokofu kwa tochi. Alipekua hata droo ya mama yake ya kamba, mpira, na vifungo vya mifuko ya mkate, asione kitu. Kazini alitia mikunjo miwili kwenye suruali nne.

"Wewe leo umeacha kichwa kwenye kabati," Claudine akasema. "Umefiwa?"

"Bado, dada. Natafuta pumzi."

"Sote tunatafuta, mpenzi. Hizi ni suruali."

Ijumaa Ozell alikuja na mashine yake mabegani, ikiwa imechelewa siku mbili. Alisikiliza habari yote akila ubavu wa nguruwe wa kuchoma kutoka kwenye karatasi, akapangusa vidole.

"Sikiliza, ndugu yangu. Chukua kanda tupu, kata inchi kumi na tano, weka hapo. Kimya ni kimya."

"Kimya siyo kimya. Pale anavuta pumzi. Inasikika. Na nyuma yake kuna benchi inalia, na mtoto anasema kitu."

"Nani atajua?"

"Mama atajua."

Ozell aliikunja karatasi ya nyama. "Kweli," akasema. "Mama atajua."

Jumamosi alasiri nyumba ilikuwa kimya. Lurline alikuwa amelala kidogo, kama kawaida yake kabla ya Jumapili. Verdell aliingia sebuleni akiwa amekwisha kukata tamaa, akawasha pasi, si kwa sababu ya lolote, bali kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Glavu zilikuwa pale kwenye ubao, nyeupe, zimelaliana kama mikono ya mtu anayesali. Na zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utepe mwembamba kama kamba ya kiatu, wa kahawia, unaong'aa upande mmoja.

Alisimama. Pasi ilikuwa ikipumua mvuke mkononi mwake.

Akaiweka chini, akafungua fundo kwa kucha, polepole, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akaupima juu ya rula. Inchi kumi na tano.

Utepe ulikuwa na mkunjo pale palipokuwa na fundo. Miaka saba ya kazi ikamwambia kwa mikono yake yote miwili: mkunjo, pasi. Aliinua pasi kabisa. Alikuwa ameileta juu ya utepe, umbali wa upana wa kiganja, alipoona ncha yake ikianza kujikunja kwa joto. Akaitupa kando, jasho likimtoka. Akaunyoosha kwa mgongo wa kijiko, mara mia, akiupuliza.

Alipoinua macho mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama. Hii umeiokota wapi?"

"Ilikuwa chini, karibu na jiko. Nikaona ni utepe mzuri." Alivuta kibwebwe cha gauni lake. "Kumbe ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Nilifunga glavu kwa pumzi yangu mwenyewe," Lurline akanong'ona, na mabega yake, ambayo nayo hayakuwa matulivu ukiyatazama vizuri, yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Zipige pasi basi. Kesho niko zamu." Alizipiga, na kabla ya kuondoka, kwa mara ya kwanza, akamwambia anakokwenda na saa ambayo wimbo utapigwa.

Usiku ule, pumzi ikiwa imeungwa tena mahali pake, Verdell alimpa Ozell kanda, akamwambia mahali pa kusimamisha ngoma. Ozell alivua miwani.

"Nisimamishe? Mimi? Saa tano asubuhi, watu wameiva, wako juu, nisimamishe ngoma? Verdell, unataka wanikaange?"

"Sekunde mbili."

"Unajua sekunde mbili ni ndefu kiasi gani ukiwa na watu mia nane mbele yako? Mtu anaweza kuoa."

"Wewe ndiye uliyesema mama atajua."

Ozell alirudisha miwani. "Mbili," akasema. "Ikifika ya tatu, nawatajia jina lako."

Jumapili, saa tano kasorobo, Verdell hakuweza kukaa ndani. Alisimama mlangoni na Hosea, bawabu, aliyekuwa na mwili wa kabati na sauti ya mtoto wa kwaya. Nje palikuwa na jua jeupe lisilo na huruma na mtaa mtupu. Ndani ya matofali ule mdundo ulikuwa ukienda, du, du, du, du, kiasi kwamba jengo lilionekana kama mnyama mkubwa amelala kifudifudi. Basi likasimama ng'ambo. Akashuka mwanamke mzee, mavazi meupe toka kichwani hadi viatu.

"Mungu wangu," Hosea akasema. "Wamekuja kutuombea."

Lurline alivuka barabara bila kuharakisha. Alimtazama Hosea juu, kisha mwanawe, kisha jengo.

"Mama," Hosea akainama kwa heshima, "magodoro yaliisha siku nyingi."

"Sikuja kulala, baba. Nimekuja kumsikiliza mwanamke mmoja."

Hosea alimtazama Verdell, akaelewa, akavua kofia. "Karibu, Mama. Ila mkoba lazima niutazame, ni sheria." Akautazama. Biblia, pipi za mnanaa, upepeo wa karatasi wenye tangazo la duka la majeneza. "Pita na silaha zako zote."

"Mama," Verdell akasema, "si uko zamu?"

"Nimempa mwenzangu. Miaka thelathini na mmoja. Mlango hautaanguka kwa siku moja."

Alitangulia yeye kwenye korido, Verdell nyuma yake. Palipokuwa na kizingiti cha ukumbi, alisimama, bila kufikiri, pale pale mhudumu anaposimama: nusu ndani, nusu nje, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto nyuma. Mbele yake watu mia nane waling'aa kwa jasho. Mahali rangi ya madirisha ilipochubuka jua liliingia kwa mistari myembamba, na poda ikapanda ndani yake kama mvuke wa dobi.

"Sakafu mmeimwagia unga?" akauliza bila kugeuka.

"Poda, Mama. Ya kutelezea."

"Nani anafagia?"

Kabla hajajibiwa, sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa kuliko mlango wa kanisa. *Nimegonga.* Watu wakapiga ukelele. *Nimegonga.* Wale waliokuwa wamekaa ukutani wakasimama. *Nimegonga mlango wako.* Na Ozell akazima ngoma.

Mia nane wakabaki na miguu juu. Ukumbi ulikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu saa sita usiku, na katika kimya hicho mwanamke wa miaka sita iliyopita akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, pana, na katikati yake, pale penye mkunjo wa fundo, palisikika mlio mdogo kama wa jani kavu likikanyagwa. Benchi ililia. Mtoto alisema kitu.

Lurline aliinua mkono. Si kwa kukusudia. Ulipanda wenyewe, glavu nyeupe, kiganja mbele. Waliokuwa karibu naye waliuona, wakatulia kabisa, hata miguu iliyokuwa juu ikashuka bila kishindo. Hakuna aliyekohoa. Verdell alikuwa nyuma yake kwenye kivuli cha korido, akikitazama kile kiganja, na mguu wake wa kulia, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, haukukanyaga kitu.

*Nifungulie.*

Ngoma ikarudi, na kelele iliyotoka kwa watu wale ilikuwa kubwa kuliko ngoma. Lurline hakuusikiliza ukelele. Aligeuka nusu, akamtafuta mwanawe kwenye giza la korido, na glavu ikashuka polepole, kiganja kikigeukia ndani.

Verdell akapita.